Myombekere, Nagona au Moby-Dick: uanze na riwaya nzito ipi?

Ukishachoka na riwaya za kumaliza kwa siku mbili, ukataka kitabu cha kukutoa jasho, tatizo linakuwa ni kipi. Wasomaji wa hapa Mwanza ninaozungumza nao huishia kukwama kati ya vitatu: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* cha Aniceti Kitereza, *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi, na *Moby-Dick* cha Herman Melville. Viwili vya kwanza ni vya wana wa Ukerewe, kisiwa ambacho ukipanda meli hapa mjini asubuhi, mchana uko Nansio. Cha tatu ni cha Mmarekani wa karne ya 19, lakini ni kitabu cha wavuvi, na mji huu riziki yake inajulikana inatoka wapi.

Vyote vitatu vina sifa ya kuachwa katikati. Ila haviachwi kwa sababu moja, na hapo ndipo penye kazi ya kuchagua.

Nimevipima kwa nini

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni aina ya ugumu. Tunasema "kitabu kigumu" kana kwamba ugumu ni mmoja. Kuna kinachokuchosha kwa urefu na kwa kutokuwa na haraka. Kuna ambacho maneno yake yote unayajua lakini hujui yanasema nini. Na kuna ambacho lugha inakusumbua kabla hata hujafika kwenye kisa. Mtu anayevumilia ugumu wa namna moja anaweza kushindwa kabisa na wa namna nyingine, na hilo halihusiani na akili zake.

Baada ya hapo nimeangalia unapata nini ukivumilia, unaweza kukisoma wapi na kwa muda gani (kwenye daladala la Buzuruga, dukani ukingoja wateja, au usiku nyumba ikishatulia), kinapatikanaje, na kinamfaa nani. Bei sikuzigusa, maana kwa vitabu vya aina hii bei ni ya aliyenacho.

1. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

*Ugumu wake.* Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Riwaya hii aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945, ikakosa wa kuichapa kwa lugha hiyo. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki muda mfupi kabla nakala hazijamfikia.

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia kwa pumzi moja. Mume na mke wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto. Ndugu za mume wanamsema mke, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao, na mume inabidi aende ukweni kumwomba mkewe arudi. Baadaye sana watoto wanapatikana, na maisha yao yanaendelea hadi mwisho wa kitabu.

Ugumu unakuja pale unapoanza kusoma ukisubiri "kitu kitokee". Mtu akienda kwa jirani, unaenda naye: kubisha hodi, salamu, kupewa kiti, habari za nyumbani, habari za mifugo, kinywaji, shukrani, kuaga, kusindikizwa. Pombe ya ndizi ya kupeleka ukweni haitajwi tu ikaishia hapo. Unakaa nayo tangu ndizi hadi chombo cha kubebea. Kwa msomaji aliyezoea sura inayofungwa na mlio wa risasi, hili ni gumu kuliko fumbo lolote.

Sisi wa kando ya ziwa tuna ugumu wetu wa ziada, nao hausemwi sana: ukaribu. Msomaji wa Ujerumani anasoma kila salamu kwa makini kwa kuwa ni mgeni. Msomaji wa Igoma anaiona salamu ileile, anasema "haya nayajua, bibi alikuwa hivi hivi", anaruka. Akiruka mara tatu hana tena kitabu, maana mambo yote ya kitabu hiki yamo humo humo anamoruka. Angalia Myombekere anapofika ukweni: ugomvi upo, kila mtu anaujua, na bado hakuna anayeutamka kwanza. Salamu ndiyo inayopima kama mlango umefunguliwa au umerudishwa. Anayejibu kwa ufupi amesema jambo. Ukiliona hilo mara moja, kurasa zilizokuwa zinakuchosha zinaanza kukupa presha.

*Unachopata.* Maisha ya Ukerewe kabla ya ukoloni, kwa mkono wa mtu aliyekusudia yasipotee. Dawa, kilimo, uvuvi, ndoa, misiba, namna ya kutubu mbele ya wazee. Hata ziwa lenyewe si hili tunalolijua. Sangara aliingizwa humu miaka ya 1950, kwa hiyo Kitereza alipoweka kalamu chini hapakuwa na sangara wala viwanda vya minofu. Lilikuwa ziwa la ningu, furu na kambare. Mtu aliyekulia Kirumba akisoma huku akilikumbuka hilo anaona mwalo mwingine kabisa.

*Wakati na mahali.* Ni kitabu cha miezi. Uzuri wake hakikuadhibu ukikiacha. Ukirudi baada ya wiki utawakuta watu bado wanaongea. Kinakubali kusomwa kwa sauti, na kikisomwa hivyo kinapungua uzito nusu nzima. Ukiwa na mzee wa Kikerewe nyumbani, msomee ukurasa halafu mwache aongee.

*Kukipata na lugha yake.* Nakala za Kiswahili za 1980 ni adimu. Anzia maktaba ya mkoa au za vyuo, na uulizie kwa walimu wa zamani. Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi mwenye asili ya Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kikerewe, toleo la Mkuki na Nyota la mwaka 2002. Hilo hupatikana kwa urahisi zaidi. Kiswahili cha Kitereza kimebeba mwendo wa Kikerewe, hivyo Mhaya na Mjita watasikia mapigo wanayoyatambua. Msukuma hatapata msaada mkubwa wa lugha, ila wa mila ataupata.

*Kinamfaa nani.* Mtu mwenye subira ya kikao kirefu, anayependa kujua mambo yanavyofanywa, na asiyehitaji kuambiwa mwandishi yuko upande gani.

2. Nagona

*Ugumu wake.* Hiki ni kinyume cha kile cha kwanza karibu kwa kila kitu. Chembamba, hakifiki kurasa mia. Sentensi fupi. Maneno ambayo mtoto wa darasa la saba anayafahamu. Kamusi hutaifungua. Na bado kuna watu wenye shahada za Kiswahili waliokifunika kwenye ukurasa wa kumi.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha Wisconsin huko Marekani alikochukua shahada ya uzamivu. Miaka mingi ya mwisho alifundisha Botswana, na alifariki mwaka 2020. Wengi wanamjua kwa *Rosa Mistika* ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, au *Kichwamaji* ya 1974. Hizo ni riwaya zenye kijiji, baba mlevi, chuo, mapenzi, majuto. Ukitoka huko ukafungua *Nagona* (1990) ukitegemea Namagondo nyingine, utadhani wamekosea jalada.

Msimulizi yuko safarini, anatafuta. Anafika kwenye mji usiokuwa kwenye ramani yoyote. Wanafalsafa wa Ulaya wanajitokeza. Biblia inanong'ona nyuma ya sentensi. Kuna ngoma kuu inayongojwa. Mtu mmoja anageuka kuwa jambo lingine, na hakuna anayekueleza kwa nini.

Wengi wetu tunakwama hapa kwa sababu ya tulivyofundishwa. Kidato cha nne tumezoezwa kuingia kwenye riwaya na orodha mkononi: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, falsafa ya mwandishi, kufaulu na kutofaulu kwake. Kila kitu kina jibu la alama mbili. *Nagona* ukiiingia hivyo inakufungia mlango. Unamkuta paa, unauliza "paa anawakilisha nini?", unaandika pembeni "ukweli", unaendelea, kurasa mbili mbele paa huyo anakataa kabisa kuwa ukweli, na orodha yako imevunjika. Naona ni afadhali kuisoma namna watu wanavyoiona ndoto ya usiku: kwanza unaikubali ilivyotokea, maana unaitafuta asubuhi, na kama maana ni mbili zote zinakaa. Kezilahabi aliandika tasnifu yake kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mtu wa namna hiyo hakuacha milango wazi kwa kusahau.

Niseme pia upande wa pili, maana si wote wanaoipenda. Wapo wasomaji makini wanaoona kitabu hiki kimewapa mgongo watu wa kawaida, kwamba ni mazungumzo ya msomi na wasomi wenzake. Hoja hiyo ina uzito. Asiyewahi kusikia habari za Sokrate au za Nietzsche atapitwa na mengi, na kitabu hakimsubiri.

*Unachopata.* Hisia ya Kiswahili kikifanya kazi usiyowahi kukiona kikifanya. Huu ndio ujira mkubwa, na ukishaupata unaweza kwenda *Mzingile* (1991), ndugu yake, ambayo wengi huisoma kama mwendelezo.

*Wakati na mahali.* Mchana mmoja mtulivu, bila simu. Tafuta jiwe lenye kivuli kuelekea Capri Point, au chumba chenye mlango unaofungika. Kwenye daladala usijaribu. Konda akikudai nauli katikati ya ukurasa, uzi umekatika. Ukimaliza, irudie ndani ya wiki hiyo hiyo. Mara ya pili ndipo kusoma kunapoanza.

*Kukipata.* Kwenye maduka ya vitabu vya shule hukikuti kila mara. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu ndio wenye nakala, au wanamjua mwenye nayo.

*Kinamfaa nani.* Asiyeogopa kutokuelewa. Mtu wa mashairi atakielewa upesi kuliko mtu wa riwaya. Kinahitaji pia mwenzi mmoja wa kubishana naye, aliyekisoma kweli, si aliyesoma uhakiki wake.

3. Moby-Dick

*Ugumu wake.* Kiingereza cha mwaka 1851, sura 135 na tamati yake, na maneno ya baharini, ya Biblia na ya Shakespeare yakichanganywa kwenye sufuria moja. Mwandishi alikuwa mvuvi wa nyangumi kweli kabla ya kushika kalamu. Kitabu hakikuuzika, alikufa mwaka 1891 akiwa karibu amesahaulika, na sifa hizi zote zilikuja kwenye miaka ya 1920.

Kisa: nahodha Ahab aliondolewa mguu na nyangumi mweupe, sasa anaizungusha dunia meli nzima na watu wake ili alipize kisasi. Inaonekana ni hadithi ya mbio, lakini nyangumi mwenyewe unamwona sura tatu za mwisho tu. Njiani msimulizi, Ishmael, anakusimamisha kukueleza aina za nyangumi, fuvu la nyangumi, mafuta ya nyangumi, picha mbovu za nyangumi. Kwenye sura ya 32 anazitaja hoja za Linnaeus, mwanasayansi aliyepanga viumbe kwa makundi, kwamba nyangumi si samaki, halafu anaamua tu kwamba ni samaki, basi. Mimi hucheka hapo. Wengine hapo ndipo wanapokirudisha kwa mwenyewe.

*Unachopata.* Ushauri wa kawaida ni "ruka zile sura za maelezo". Kwa msomaji wa Mwanza siukubali. Chukua sura ya 60, inayohusu kamba. Inaanzia nyuma ya mashua, ndani ya pipa ambamo imeviringishwa kwa uangalifu, kisha inakwenda mbele urefu wote wa mashua, ikilala juu ya mipini ya makasia, ikipita katikati ya wapiga makasia wenyewe. Nyangumi akishachomwa chusa, kamba hiyo inafyatuka, na aliyeweka mkono au shingo vibaya anaondoka nayo. Mtu wa mjini London anahitaji kurasa zote hizo ili aogope. Aliyewahi kuona watu wakitega ndoano za sangara usiku, mashua ikiyumba na kamba zikienda majini miguuni pao, ameshaelewa kabla sura haijaisha. Na usiisahau kamba hiyo, maana mwishoni mwandishi ataihitaji tena. Aliyeiruka sura ya 60 atayaona ya mwisho kama ajali tu.

Halafu kuna chombo chenyewe: watu wa makabila na dini mbalimbali wanaolala, kula na kugawana hatari pamoja chini ya tajiri ambaye hawezi kuulizwa swali. Mwaloni kuna vijana wanaoweza kukifundisha kitabu hiki bila kukisoma.

*Wakati na mahali.* Sura nyingi ni fupi, nyingine ukurasa au mbili. Sura moja kwa siku ni kama miezi minne na nusu. Kati ya vitatu hivi, ndicho kinachokubali kukatwakatwa vizuri zaidi: foleni ya benki, kivuko cha Kamanga, dukani.

*Kukipata.* Hakimiliki imekwisha zamani, kwa hiyo kipo bure na kihalali kwenye intaneti, na simu ya kawaida inatosha. Hakikisha toleo lako lina tamati. Toleo la kwanza la Uingereza liliikosa, na wahakiki wa London wakalalamika kwamba hawaelewi aliyewasimulia habari hii alitokea wapi.

*Kinamfaa nani.* Mwenye Kiingereza cha kusoma gazeti bila kuhangaika, anayependa mwandishi mwenye maneno mengi, na aliye tayari kukubali kwamba sentensi kadhaa kila ukurasa zitampita. Zimpite. Zinawapita hata wenye lugha yao.

Kwa hali yako

Ukiwa mwanafunzi au mwalimu wa Kiswahili na una likizo tu, chukua *Nagona*, ila tanguliza *Rosa Mistika* au *Kichwamaji* kama hujazisoma, ili uone mwandishi alitokea wapi kabla hajabomoa nyumba. Usianze na uhakiki wa mtu. Soma, bishana, kisha uhakiki.

Ukiwa unafanya biashara na muda wako ni vipande vya dakika kumi, *Moby-Dick* ndani ya simu itakufaa kuliko viwili vya kwanza. Sharti ni Kiingereza. Kama Kiingereza kinakuchosha baada ya ukurasa mmoja, usijitese kwa ajili ya jina la kitabu. Una viwili vingine.

Ukiwa na wazazi au wazee nyumbani, hasa wa Ukerewe, Kagera au Mara, *Myombekere* ndicho, tena haraka, kabla hujakosa wa kumuuliza. Kwa aliyekulia mjini asiyejua mila za kwao, kitabu hicho hicho kinafaa pia, lakini kwa mwendo mwingine: kurasa chache kila Jumapili, na kalamu ya kuandika majina ya ndugu, maana wahusika na undugu wao vitakuchanganya.

Kama mko kikundi, angalieni idadi. Watu wanne watano wanaweza kuibeba *Nagona* kwa jioni mbili na kugombana vizuri. Kikundi kikubwa kinachokutana mara moja kwa mwezi kitafanya vyema na *Myombekere*, kwa kugawana sehemu na kila mmoja kusoma kwa sauti anayoiweza. *Moby-Dick* kwenye kikundi huwa ngumu: wenye kasi wako sura ya 90, wengine bado wako hotelini New Bedford na meli haijang'oa nanga.

Aliyesomea sayansi asidhani vyote hivi ni vya watu wa fasihi. Mhandisi au daktari anaweza kuzipenda zile sura za kamba, mafuta na mifupa kuliko mwalimu wa lugha, na *Myombekere* ina dawa na tiba za kutosha kumfanya mfamasia aweke alama kila ukurasa.

Na kama umeshaanza kimoja ukakwama, jiulize umekwama na ugumu upi. Ukiwa ni urefu, hamia *Nagona* kwa wiki moja kisha rudi. Ukiwa ni kutoelewa maana, nenda kwa *Myombekere*, ambako kila kitu kinaelezwa hadi kamba ya mtumbwi. Ukiwa ni lugha, tafuta mtu msome wawili, mmoja anasoma, mwingine anasimamisha.